Riwaya niliyomwazima mdogo wangu imeleta ugomvi nyumbani

Shikamoo Mwalimu,

Mimi ni mwalimu wa sekondari, kifungua mimba katika familia ya watoto watatu, na ninaishi Iringa pamoja na mama yetu ambaye ni mjane. Ninakuandikia kwa sababu nimeleta ugomvi nyumbani bila kukusudia, na kila ninapojaribu kuutuliza nauona unazidi.

Tuna kikundi cha wasomaji sita ambao hukutana kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi kujadili kitabu kimoja. Mwezi wa Aprili mwenzetu alileta riwaya ya Dan Brown, The Da Vinci Code, inayosimulia habari za profesa wa Kimarekani anayekimbizwa na polisi usiku mjini Paris huku akifuatilia siri ambayo eti Kanisa limeificha kwa karne nyingi, kwamba Yesu alimwoa Maria Magdalena na kizazi chao kipo hadi leo. Nilikimaliza kwa siku tatu. Maoni ya kikundi yaligawanyika vibaya. Mmoja wetu, ambaye ni muuguzi, alisema hajakesha na kitabu namna ile tangu amalize shule, na kwamba kwake ilikuwa hadithi tu. Mhasibu wetu alikasirika, akasema mwandishi anayetangaza ukurasa wa mbele kwamba mambo yake ni ya kweli hawezi baadaye kujificha nyuma ya neno riwaya. Mwenzetu Mwislamu alisema kwamba kwao Nabii Issa ni mtume mtukufu, na kwamba mtu asidhani Waislamu watakifurahia kitabu hicho kwa sababu tu kinalisema Kanisa, maana kinamzushia nabii mambo ambayo Qurani haikuyataja. Mimi nilinyamaza, kwa kuwa kitabu kilikuwa kimenifurahisha na kunitia shaka kwa wakati mmoja.

Mdogo wangu wa kiume, ambaye yuko mwaka wa pili chuo kikuu, alipokuja likizo nilimwazima kitabu hicho bila kumwambia neno lolote. Yeye alikisoma akiwa na kalamu mkononi, akipigia mistari. Jumapili ya pili alikataa kwenda misani. Mama yetu ni mwanachama wa WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki Tanzania, na mwenyekiti wa jumuiya yetu, na jioni hiyo wanajumuiya walikuwa wamekuja kusali kwetu. Alipomwuliza kama anaumwa, mdogo wangu alijibu mbele ya watu wote kwamba hawezi kumsali Yesu ambaye umungu wake ulipigiwa kura na maaskofu mwaka 325, kwamba vitabu vya Biblia vilichaguliwa na Kaisari Konstantino, kwamba aliyekaa kando ya Yesu katika ile picha ya Karamu ya Mwisho iliyotundikwa sebuleni kwetu ni Maria Magdalena, na kwamba Kanisa lilichoma moto wanawake milioni tano. Mama hakujibu. Alisimama, akaiteremsha picha ukutani, akaipangusa vumbi kwa ncha ya kanga yake, akaenda nayo chumbani. Asubuhi yake nilikikuta kitabu ndani ya gunia la mkaa jikoni, kimefukiwa chini kabisa, jalada limechanika.

Sasa hawasemeshani. Mama ananiambia kwamba mimi ndiye niliyekiingiza kitabu hicho nyumbani. Mdogo wangu naye ananiambia, "Dada, una digrii lakini unaogopa swali." Amekwisha kupakua kwenye simu riwaya nyingine ya mwandishi huyo huyo, na siku hizi mazungumzo yake ni Frimasoni na Iluminati. Je, nilikosea kumpa kitabu? Katika hayo aliyoyasema, lipi ni la kweli? Na nifanye nini ili wazungumze tena?

Dada Mkubwa, Iringa

* * *

Marahaba, binti yangu,

Hukukosea kumpa kijana wa chuo kikuu riwaya. Ulikosea kumpa hiyo bila kumweleza kwamba wewe mwenyewe ilikutia shaka, kwa sababu laiti angejua kwamba dada yake naye ana maswali, angekuja kuuliza kwako jikoni badala ya kuyatoa mbele ya wanajumuiya. Kwa hiyo anza hapo: mwombe msamaha kwa ule ukimya, na umwombe mama msamaha kwa aibu aliyoipata mbele ya wageni wake. Nunua nakala nyingine ya kitabu umrudishie mwenzenu aliyekileta.

Sasa nije kwenye kitabu, kwa kuwa nilifundisha fasihi kwa miaka mingi na jambo hili liko karibu na moyo wangu. Katika kikundi chenu mimi niko upande wa mhasibu, ingawa namwelewa muuguzi. Mtunzi wa riwaya ana haki ya kutunga, na riwaya ya kusisimua yenye sura fupi fupi, kila moja ikimwacha msomaji na swali, ina ufundi wake ambao sitaudharau. Lakini kitabu hiki, kilichotoka mwaka 2003, kinaanza na ukurasa unaodai kwamba chama cha siri kiitwacho Priory of Sion, ambacho katika riwaya ndicho kinacholinda siri ya kizazi cha Yesu, kilianzishwa mwaka 1099 na kipo kweli, na kwamba maelezo yote ya sanaa, majengo na hati yaliyomo ni sahihi. Ukurasa huo unamwondolea msomaji ile tahadhari ambayo sote huwa nayo tunapoambiwa hadithi. Mdogo wako alipiga mistari kwa kalamu kwa sababu aliambiwa mlangoni kwamba ndani mna historia. Simlaumu.

Chama hicho kilisajiliwa Ufaransa mwaka 1956 na mtu aliyeitwa Pierre Plantard, ambaye alitaka aonekane ni mrithi wa wafalme wa kale wa nchi hiyo, na katika miaka ya 1960 yeye na wenzake walipeleka hati za kughushi katika Maktaba ya Taifa mjini Paris ili watafiti "wazigundue". Philippe de Chérisey, rafiki yake, alikiri kwamba maandishi ya kale yaliyoitegemeza hadithi hiyo aliyatunga yeye. Waandishi watatu waliyajenga mambo hayo kuwa kitabu mwaka 1982, wakakiuza kama utafiti, na Dan Brown alichota humo kwa kiasi kwamba wawili kati yao waliwashtaki wachapishaji wake mjini London mwaka 2006, wakashindwa. Mwambie mdogo wako aifuatilie habari hii mwenyewe. Kama anapenda njama, hiyo ni njama halisi, yenye majina na tarehe, na aliyedanganywa ndani yake ni msomaji.

Kuhusu mwaka 325, Mtaguso wa Nisea ulifanyika kweli, katika mji ambao leo unaitwa Iznik, nchini Uturuki, na ni kweli kwamba Konstantino ndiye aliyeuitisha. Maaskofu zaidi ya 200 walikutana kwa sababu ya mafundisho ya padri mmoja wa Aleksandria, Ario, ambaye hakukataa kwamba Kristo ni wa kimungu; alichofundisha ni kwamba Mwana aliumbwa na Baba kabla ya vitu vyote, na kwamba kulikuwa na wakati ambapo hakuwapo. Ubishi ulikuwa juu ya namna ya umungu huo. Riwaya inasema kura zilikaribiana, lakini maaskofu waliokataa katakata kutia sahihi walikuwa wawili tu, wote wa Libya, nao wakapelekwa uhamishoni pamoja na Ario. Na zaidi ya miaka 200 kabla ya hapo, gavana wa Kirumi aliyeitwa Plinio, akitawala jimbo la Bithinia ambamo Nisea ilikuwamo, alimwandikia kaisari wake kwamba Wakristo wa huko hukusanyika alfajiri na kumwimbia Kristo kama mungu. Plinio hakuwa Mkristo. Aliwaua baadhi yao. Ushahidi wake una uzito kwa sababu hakuwa na sababu ya kuwapendelea.

Mama yako anaijua Nisea kuliko mdogo wako anavyodhani. Nasadiki anayoitamka kila Jumapili, "Mungu aliyetoka kwa Mungu", imetokana na mtaguso huo na ule wa Konstantinopoli wa mwaka 381. Kijana akiambiwa kwamba maneno anayoyasikia tangu utotoni yana historia ya ubishi, uhamisho na machozi, pengine atayasikiliza upya.

Vitabu vya Biblia havikujadiliwa Nisea. Askofu Ireneo wa Lyon alikuwa ameandika juu ya Injili nne, zisizozidi wala kupungua, yapata mwaka 180, na orodha ya kwanza tunayoijua yenye vitabu vile vile 27 vya Agano Jipya tunavyovisoma sasa iko katika barua ya Pasaka ya Athanasi, askofu wa Aleksandria, ya mwaka 367. Konstantino alikuwa amekwisha kufa miaka 30 kabla.

Hapa natamani tukae kidogo, kwa sababu ndipo kitabu kinapogusa kitu chenye thamani halafu kinakiharibu. Mwaka 1945 wakulima wa Misri walichimbua mtungi karibu na mji wa Nag Hammadi, na ndani yake mlikuwa na vitabu 13 vya mafunjo vilivyoandikwa kwa Kikopti, lugha ya kale ya Misri. Kimojawapo kina maandiko yaitwayo Injili ya Filipo, na humo Maria Magdalena anaitwa mwenzi wa Yesu. Mhusika mmoja wa riwaya anasema kwamba mjuzi yeyote wa Kiaramu atakwambia neno hilo lilimaanisha mke. Lakini andiko lile ni la Kikopti, na neno lililotumika ni la Kigiriki, koinonos. Neno hilo hilo Luka analitumia katika sura ya 5, aya ya 10, anapowataja Yakobo na Yohana waliokuwa washirika wa Simoni katika uvuvi. Sisi Waswahili hatuhitaji hata kwenda mbali, kwani tunajua kwamba mwenzi wa safari na mwenzi wa ndoa ni watu wawili tofauti, na kinachotuambia ni yupi anayekusudiwa ni sentensi nzima. Andiko linaendelea kusema kwamba Yesu alikuwa akimbusu Maria, na mahali ambapo tungesoma alimbusu wapi, funjo limetoboka. Pana tundu. Wafasiri hujaza "mdomoni" kwa kukisia, wengine huacha mabano matupu. Ningependa mdogo wako, ambaye ni msomi, alitazame tundu hilo kwenye picha za kurasa zenyewe, kisha arudi kwenye riwaya aone jinsi lilivyozibwa bila yeye kuambiwa.

Wasomi nao huteleza. Mwaka 2012 profesa mmoja wa Harvard alitangaza kipande cha funjo ambamo Yesu anasema "mke wangu", na dunia nzima ikakitangaza. Mwaka 2016 mwandishi wa habari alifuatilia kilikotoka, na profesa mwenyewe akakubali kwamba inaelekea kilighushiwa. Ninaitaja habari hii kwa sababu aliyekuwa amekosea alikubali hadharani, na ukurasa wa mbele wa ile riwaya haujawahi kufanya hivyo.

Hata hivyo, mdogo wako amenusa jambo la kweli, nawe usimnyime haki yake. Maria Magdalena alidhulumiwa. Mwaka 591 Papa Gregori Mkuu, katika mahubiri, alimchanganya na yule mwanamke mwenye dhambi wa Luka sura ya 7 na Maria wa Bethania, na kwa sababu ya mchanganyiko huo watu walimwita kahaba kwa zaidi ya miaka elfu moja, ingawa hakuna Injili inayosema hivyo. Kalenda ya liturujia ilipotengenezwa upya mwaka 1969 mchanganyiko huo uliondolewa, na mwaka 2016 Papa Fransisko aliipandisha kumbukumbu yake ya tarehe 22 Julai kuwa sikukuu, sawa na zile za mitume. Riwaya inadai kumrudishia heshima kwa kumfanya mke na mama wa ukoo. Injili ya Yohana ilikwisha kumpa heshima kubwa kuliko hiyo, kwa kuwa ndiye anayetumwa kuwapelekea mitume habari ya ufufuko.

Wanawake waliouawa Ulaya kwa tuhuma za uchawi hawakufika milioni tano. Makadirio ya wanahistoria ni kati ya 40,000 na 60,000, wakiwamo wanaume, na wengi walihukumiwa na mahakama za serikali. Lakini usiitamke hesabu hiyo kana kwamba ni nafuu. Sisi tunaotoka katika nchi ambako vikongwe wameuawa kwa sababu ya macho mekundu, yaliyoharibiwa na moshi wa kupikia, tunajua hata mmoja ni damu ya nani.

Nina shutuma yangu mwenyewe juu ya kitabu hiki, ambayo sikuiona katika maoni ya kikundi chenu, na naomba muijadili. Muuaji wake ni mtu mwenye ualbino, aliyevikwa joho la mtawa wa Opus Dei. Opus Dei, shirika la Kikatoliki lililoanzishwa Hispania mwaka 1928, haina watawa wa namna hiyo, na wengi wa wanachama wake ni walei wenye ndoa. Wakenya wanaifahamu kupitia chuo cha Strathmore cha Nairobi, kilichoanza mwaka 1961. Watu waliojitoa Opus Dei wamelalamika hadharani juu ya taratibu zake, na malalamiko yao yanastahili kusikilizwa, lakini hayo ni mengine. Kinachoniuma ni ualbino. Nilifundisha watoto wenye ualbino waliokaa dawati la kwanza na bado wakasimama ubaoni, pua ikikaribia kugusa chaki, ili wasome nilichoandika. Riwaya inampa mtu wa namna hiyo bastola na usiku wa Paris, kisha inaifanya rangi ya ngozi yake kuwa alama ya kutisha. Filamu ilipotoka mwaka 2006, chama cha watu wenye ualbino nchini Marekani kililalamika. Hapa kwetu, ambako watu hao wamewindwa na kukatwa viungo kwa ushirikina, sielewi tunawezaje kuzipita kurasa zile kimyakimya huku tukibishana juu ya mwaka 1099.

Kuhusu Iluminati, kile chama cha siri anachokizungumzia, kifupi. Riwaya aliyoipakua, kama ni ile ya mwaka 2000, inamfanya Galileo kuwa mmoja wao. Galileo alifariki mwaka 1642, na Iluminati walianzishwa na Adam Weishaupt huko Bavaria tarehe 1 Mei 1776, wakapigwa marufuku kabla miaka kumi haijaisha. Mwambie pia, kwa upole, kwamba matangazo ya kujiunga nao ili upate utajiri, yanayotumwa kwenye simu za vijana wetu, ni ya matapeli wanaotaka ada ya usajili.

Utaniuliza kwa nini basi vitabu hivi vinawashika watu wenye akili. Nadhani ni kwa sababu Kanisa limewahi kuficha mambo kweli. Januari 2002, mwaka mmoja kabla ya riwaya hii kutoka, gazeti moja la Boston lilianza kufichua jinsi mapadri waliowadhulumu watoto walivyohamishwa parokia kwa parokia. Kuna pia hati iliyodai kwamba Konstantino alimkabidhi Papa mamlaka juu ya Roma na nchi za magharibi; ilitumika kwa karne nyingi, na mwaka 1440 Lorenzo Valla, mjuzi wa Kilatini, alionyesha kwamba imejaa maneno ambayo hayakuwapo wakati wa Konstantino. Msomaji anayejua kwamba amewahi kudanganywa yuko tayari kuamini kwamba amedanganywa kila kitu. Mama yako akikubali mbele ya mwanawe kwamba mambo hayo yalitokea, hatapungukiwa na imani, na kijana hataona tena haja ya kumthibitishia kwa kelele.

Sasa kuhusu kuwapatanisha. Usiende kwa mdogo wako na barua hii ukaisoma kama hukumu, kwani atajitetea, na mama ataona umeshinda kwa niaba yake, na hakuna atakayemsogelea mwenzake. Zungumza na kijana kwanza, peke yenu, naye aende kwa mama kumwomba radhi kwa namna aliyosema. Maswali yake abaki nayo, hakuna anayemtaka ayaombee radhi.

Baada ya hapo mwombeni mama aitoe ile picha chumbani. Kama ni nakala ya ile aliyoichora Leonardo, yapata mwaka 1495 hadi 1498, kwenye ukuta wa bwalo la watawa mjini Milano, mdogo wako aiweke mezani ahesabu watu waliomo. Atapata 13, Yesu na mitume 12. Yule anayedhani ni mwanamke ni Yohana, kijana asiye na ndevu kama wachoraji wa Italia walivyozoea kumchora, na Petro ameinama kumnong'oneza kwa sababu wakati uliochorwa ni ule wa Yohana sura ya 13, Yesu alipokwisha kusema kwamba mmoja wao atamsaliti, na Petro akamwashiria mwanafunzi mpendwa aulize ni nani. Akitaka awe Maria Magdalena, basi amwonyeshe mama Yohana amekaa wapi.

Kisha picha irudi ukutani, naye aigongomee msumari yeye. Jioni hiyo hiyo fungueni Yohana sura ya 20, kuanzia aya ya 1 hadi ya 18. Asome mama, kwa sauti, kama anavyosoma jumuiyani. Atakapomaliza, mdogo wako akiwa na swali, mwache amwulize mama, na wewe usimjibie.